Arvella na Jaji wa Ishirini na Tisa kwa Mia

Arvella Stidham alikuwa barazani akivunja maharage mabichi kwa ajili ya chakula cha jioni. Alivunja sita, akapumzika. Akavunja manne, akapumzika tena. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na mgongo ulimwambia aache kukaa. Alisimama, akaegemea nguzo, akangoja maumivu yapungue.

Yeye na mumewe Hobert wanaishi katika bonde la Caney Lick, mashariki mwa Kentucky, nyumba ya pili kutoka darajani. Hobert anaendesha basi la shule. Arvella alifanya kazi miaka ishirini na moja katika nyumba ya kulea wazee. Aliwaamsha, aliwaogesha, aliwageuza kitandani. Siku moja mzee mmoja mzito aliteleza bafuni. Arvella alimdaka. Mzee hakupata hata mchubuko. Mgongo wa Arvella ndio ulioharibika.

Alipoona hawezi tena kazi, aliomba mafao ya ulemavu. Ni mafao ya serikali. Mfanyakazi huyachangia kila mwezi ili akishindwa kazi asaidiwe. Walimkataa. Akaomba waangalie upya. Wakamkataa tena. Ndipo akaomba asikilizwe na jaji.

Siku hiyo ya maharage, Hobert aliingia na barua mkononi. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Tarehe imetoka," alisema. "Miezi miwili na nusu kutoka leo. Na jina la jaji limo. Anaitwa Thornbury."

"Ni mtu wa wapi?"

"Sijui. Lakini silipendi jina lake."

Jioni Lonzo, mdogo wake Hobert, alikuja kula. Hakosi siku ya maharage na mkate wa mahindi. Aliposikia jina la jaji, aliweka kijiko chini.

"Thornbury? Pole shemeji. Huyo ndiye aliyenikataa mimi."

Alitoa simu, akatafuta, akaisukuma mezani. Ulikuwa ukurasa wenye majina ya majaji na takwimu zao. Thornbury alikuwa amekubali maombi ishirini na tisa katika kila mia.

"Jirani yake kwenye orodha amekubali sitini na nne," Lonzo alisema. "Ofisi moja, sheria moja. Sasa niambie hakuna mchezo hapo."

"Wameshaamua," Hobert alisema. "Wanakuita ukae kwenye kiti, wakutazame, halafu wasome kile walichoandika jana yake."

Arvella alisukuma sahani yake kando. Hamu ya chakula ilikuwa imemtoka.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilijaa shaka. Gari la kijivu lilisimama siku tatu mfululizo upande wa pili wa barabara. Ndani alikuwamo mwanamume mwenye kamera. Hobert akaapa ni mpelelezi, amekuja kumpiga picha Arvella akiinua kitu. Arvella akaacha kutoka nje. Hata taka hakutupa. Siku ya nne Hobert alimfuata yule mtu na kumuuliza anatafuta nini. Mtu akasema anapima njia ya bomba jipya la maji.

"Amesema hivyo," Hobert alimwambia mkewe. "Hata mimi ningesema hivyo."

Lonzo alikuja na mipango yake. Wa kwanza: Arvella aandike kwamba amehamia kwa binamu yao, wilaya nyingine, ili apate jaji mwingine. Wa pili alikuja nao nyuma ya gari. Kilikuwa kiti cha magurudumu cha marehemu mama mkwe wake.

"Ingia nacho kwenye chumba cha jaji," alisema. "Jaji mkali anataka kuona kitu kwa macho."

"Lakini mimi natembea, Lonzo."

"Siku hiyo usitembee."

Arvella alikikalia kidogo pale barazani. Kilimchukiza. Alijiona kama mmoja wa wazee aliokuwa akiwasukuma, lakini wao walikuwa wakweli. Hata hivyo hakumwambia Lonzo akirudishe.

Wakati huohuo Imogene Fugate alikuwa akipita na chupa ya maziwa. Imogene ni jirani wa nyumba ya tatu, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Alisimama, akakitazama kile kiti.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna," Lonzo alijibu haraka.

"Nina kikao mbele ya jaji," Arvella alisema. "Thornbury."

"Aha. Thornbury namjua."

Arvella, Lonzo na Hobert aliyekuwa mlangoni wakamgeukia.

"Miaka kumi na moja nilikaa chumba kimoja naye na wenzake," Imogene alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza kinasa sauti. Nilirekodi vikao hivyo mpaka nilipostaafu."

"Kwa hiyo ulikuwa mtu wao," Hobert alisema.

"Nilikuwa mtu wa kinasa sauti."

"Walikulipa wao."

"Na wewe unalipwa na shule, Hobert. Je, ni wewe unayetunga mitihani?"

Lonzo alicheka, akajizuia. Hobert hakucheka. Imogene alipoondoka, alimwambia mkewe, "Angalia huyo. Yote utakayomwambia yatafika huko."

Arvella alikaa siku mbili akilifikiria hilo. Alimjua Imogene miaka mingi, lakini hakuwahi kujua kazi yake. Kwa nini hakuwahi kuisema? Siku ya tatu alikwenda kumuuliza waziwazi.

"Sikuisema kwa sababu mle ndani watu wanatoa siri za maisha yao," Imogene alimjibu. "Wengine walikuwa majirani zetu. Ningeanza kuisema kazi, wangeanza kuniuliza ya watu. Kaa hapa, kiti hiki kina mgongo mzuri. Na ukichoka kukaa, simama."

Arvella alikaa. Akatoa karatasi aliyokuwa ameandika ile takwimu.

"Ishirini na tisa kwa mia," alisema. "Niambie ukweli. Nimeshashindwa?"

Imogene alivaa miwani.

"Pale ulipokuwa unafanya kazi, ulikuwa bawa gani, upande gani wa jengo?"

"Bawa la mashariki. La wagonjwa mahututi."

"Bawa lipi lilikuwa na vifo vingi zaidi?"

"La kwetu, bila shaka."

"Mlikuwa mnawaua?"

"Imogene!" Arvella alikasirika. "Sisi tulipokea waliokuwa wanakufa tayari."

"Basi hivyo. Takwimu ilisema watu wangapi walikufa kwenye bawa lenu. Haikusema waliingia na hali gani. Na hii nayo haisemi mbele ya Thornbury waliingia watu gani. Mmoja alikuja bila karatasi hata moja ya daktari. Mwingine alikuwa amesharudi kazini. Na soma hapa chini. Wamehesabu mpaka kesi zilizofutwa. Mtu asipotokea siku yake bila sababu, kesi yake inafutwa. Naye yumo katika wale sabini na moja."

"Kwa hiyo jaji si mkali?"

"Sikusema hivyo. Ni mkali. Kati ya majaji wale wapo wagumu na wapo wepesi, na si haki sana, lakini ndivyo ilivyo. Huchagui jaji. Ukiwa na ushahidi kwamba ana chuki na wewe, unaweza kupinga. Kwamba takwimu yake ni ndogo, huo si ushahidi. Na ukidanganya anuani, umempa sababu ya kutokuamini hata ukisema jina lako."

"Sasa takwimu hii ina faida gani kwangu?"

"Inakwambia ujiandae. Basi. Nusu ya waliokuja mbele yangu hawakuwahi kulisoma faili lao wenyewe. Wewe umelisoma?"

Arvella hakujua hata kama anaruhusiwa.

Jumapili hiyo Imogene alikuja kwa akina Stidham na keki ya tufaha. Hobert alimpokea kwa uso mkavu. Lonzo naye alikuwepo. Imogene alirudia maelezo yake, ya bawa la mashariki na ya kesi zinazofutwa. Alipofika hapo, Lonzo aliinuka kwenda kuchukua kahawa ambayo tayari alikuwa nayo.

Arvella alimtazama. Miaka ishirini na moja ni mingi ya kusoma nyuso za watu wasiotaka kusema panapouma.

"Shemeji," aliita. "Jaji Thornbury alikuuliza nini?"

"Mambo ya kawaida."

"Kama yapi?"

"Kifua changu. Vumbi la kiwanda cha mbao. Mambo hayo."

"Alikaa upande gani wa chumba?"

Lonzo aliongeza kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

"Lonzo," Hobert alisema polepole. "Ulikwenda?"

Lonzo alirudi kukaa. Alizungusha kikombe mezani.

"Nilifika mpaka maegesho," alisema. "Nikaona ile namba kwenye simu. Nikasema, niende kudhalilishwa ya nini? Nikageuza gari."

"Miaka miwili umetuambia alikukataa!"

"Ningesema nini, kaka? Kwamba nimeogopa mlango?"

Imogene alikata keki, akampa Lonzo kipande cha kwanza. Lonzo alikula akiwa ameinamisha kichwa. Alipoondoka alikwenda mwenyewe barazani, akakikunja kile kiti cha magurudumu, akakipakia garini.

Kesho yake Arvella alipiga simu ofisi ya msaada wa sheria. Alipewa mwanasheria, Bi Tamsin Oyler. Hobert alitaka kujua atawatoza nini.

"Hatozi," Arvella alisema.

"Mtu hafanyi kazi bure. Huyo anataka kitu."

Bi Oyler alicheka aliposimuliwa. "Mwambie nalipwa mshahara na ofisi. Mawakili wengine huchukua sehemu ya malimbikizo, yaani fedha za miezi ya nyuma, mkishinda, na sheria imeweka kikomo. Mkishindwa hawachukui ada. Ni vizuri kuuliza mapema. Aendelee kuuliza."

Alimwonyesha Arvella jinsi ya kulifungua faili lake. Lilikuwa na kurasa mia nne. Walilisoma kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, siku baada ya siku. Arvella alisoma akiwa amelala ubavu. Waligundua mambo mawili.

La kwanza, picha ya mgongo iliyopigwa na mashine kubwa hospitalini haikuwemo. Hospitali haikuwahi kuituma. Wale waliomkataa mara mbili hawakuiona kabisa.

La pili lilimtoa Arvella jasho. Kliniki ilikuwa imeandika: "Mgonjwa anasema amepanda maharage wiki hii. Anajisikia vizuri kiasi."

"Nani kawaambia waandike hivi?" Arvella aliuliza. "Wananiwinda!"

"Ulisema?" Bi Oyler aliuliza.

Arvella alifikiri. "Nilisema. Daktari aliniuliza habari za nyumbani."

"Basi jaji atakuuliza. Ulipandaje?"

"Hobert alichimba. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikadondosha mbegu. Nusu mstari tu. Kisha nililala siku mbili."

"Hilo lote ndilo jibu. Usikatae bustani. Simulia bustani yote, pamoja na siku mbili za kitandani."

Bi Oyler alimpa kazi ya kila siku. Arvella aandike alifanya nini, kwa dakika ngapi, na baadaye ikawaje. Siku nzuri aandike, siku mbaya aandike. Alimtumia pia fomu ya daktari.

"Barua ya daktari inayosema 'huyu ni mlemavu' haitusaidii sana," alieleza. "Tunataka daktari aseme unaweza kukaa muda gani, kusimama muda gani, kuinua uzito gani, na mwezi mmoja utakosa kazi siku ngapi. Na karatasi zote zifike kwa jaji angalau siku tano za kazi kabla ya kikao. Kama kuna karatasi bado haijapatikana, tunamjulisha kabla ya siku hizo."

Kliniki ilikaa na fomu wiki tatu. Kila Hobert alipouliza, aliambiwa daktari ana shughuli.

"Wamepigiwa simu wasisaini," Hobert alisema. Safari hii hakukaa nyumbani kulalamika. Alipomaliza zamu ya asubuhi alikwenda kliniki, akakaa kwenye chumba cha kungojea na mkate wake wa soseji.

"Una miadi?" karani alimuuliza.

"Sina. Nina mke, na nina fomu humo ndani."

Alikaa mpaka saa nane. Daktari alitoka, akaomba radhi. Fomu ilikuwa chini ya rundo. Hakuna aliyepiga simu yoyote. Daktari aliijaza palepale, akasoma faili la Arvella kabla ya kila jibu. Bi Oyler aliituma zikiwa zimebaki siku tisa za kazi.

Siku ya kikao Arvella alivaa nguo yake ya kanisani na viatu bapa. Hobert alibaki nje. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Jaji Thornbury alikaa mbele, mtu wa makamo mwenye kikohozi, asiye na tabasamu. Kulikuwa na kinasa sauti na mtu wake. Sauti ya mtaalamu wa kazi ilitoka kwenye simu. Kazi yake ni kumwambia jaji kama mtu mwenye hali fulani anaweza kupata kazi.

Arvella aliapa kusema kweli. Jaji alianza bila maneno ya salamu.

"Unaweza kusimama muda gani?"

Arvella alitaka kusema siwezi kabisa. Aliyameza maneno hayo.

"Dakika kumi, Mheshimiwa. Siku nzuri kumi na tano. Kisha lazima niegemee kitu."

"Kuinua?"

"Galoni ya maziwa, kwa mikono miwili. Mara moja naweza. Mara tano siwezi."

Jaji aligeuza ukurasa. "Hapa naona ulikuwa unalima."

Arvella alimtazama mtu huyo na kuhisi kwamba ameshamnasa. Lakini alisimulia: kiti cha plastiki, nusu mstari, mumewe na jembe, siku mbili kitandani.

"Kwa nini ulikwenda kabisa, kama unaumia hivyo?"

Swali hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi.

"Kwa sababu kila mwaka nimepanda," Arvella alisema. "Nilitaka kujua kama bado naweza. Nikajua."

Jaji aliandika. Uso wake haukubadilika. Dakika chache baadaye Arvella aliomba ruhusa ya kusimama, akajibu maswali mengine akiwa ameshika mgongo wa kiti.

Kisha jaji alimgeukia mtaalamu wa kazi. "Tuseme mtu wa umri wa miaka hamsini na tatu, mwenye kazi ya zamani kama hii. Anahitaji kulala chini saa moja ya ziada katikati ya siku. Mkono wa kulia anautumia mara chache tu. Anakosa kazi siku tatu kwa mwezi. Kuna kazi?"

"Hapana, Mheshimiwa," sauti ilisema. "Hakuna."

Jaji alikohoa, akasema uamuzi utakuja kwa posta.

"Amesemaje?" Hobert aliuliza mlangoni.

"Hakusema."

"Alitabasamu?"

"Hata kidogo."

"Nilijua," Hobert alisema.

Wiki saba walingoja. Bahasha ilipofika ilikuwa nene. Hobert aliisoma jikoni akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa, kisha akaisoma mara ya tatu akifuata mistari kwa kidole.

"Mtego uko wapi?" alinong'ona.

"Lete hapa," Arvella alisema.

Jaji alikuwa amekubali, lakini si yote. Arvella alisema ulemavu ulianza siku aliyoacha kazi. Jaji alisema ulianza siku ile ya picha ya mgongo, miezi minane baadaye. Sababu zilikuwa zimeandikwa wazi. Picha ilionyesha mishipa imebanwa. Fomu ya daktari ilikubaliana na picha. Maelezo ya mgonjwa yalikubaliana na vyote viwili.

"Miezi minane wamekula!" Hobert alisema. "Tukate rufaa."

Walimpigia Bi Oyler. Aliwaambia wana siku sitini za kukata rufaa. Aliwaambia pia kwamba wanaosikiliza rufaa wakilifungua faili, wanaweza kuupitia uamuzi mzima, hata sehemu waliyoshinda. Aliwapa maoni yake, na akasema uamuzi ni wa Arvella.

Arvella alifikiri siku mbili. Alijiuliza ana karatasi gani ya ile miezi minane. Hakuwa nayo hata moja. Hakuwa amekwenda kwa daktari wakati ule, alidhani mgongo utapona wenyewe.

"Basi tumefika," alimwambia Hobert. "Nakubali."

Hobert alinung'unika. Alipiga simu ofisi ya mafao kuhakikisha barua ni ya kweli, na akapiga tena kesho yake ili asikie sauti ya mtu mwingine. Wote wawili walimwambia ni ya kweli. Mchana huo, kwa mara ya kwanza tangu mkewe aumie, alilala usingizi kwenye kiti chake buti zikiwa miguuni.

Arvella alichukua simu akatoka nayo polepole hadi barazani. Alimpigia Lonzo.

"Shemeji, kifua kikoje?"

"Kipo. Kinakoroma."

"Kesho njoo na barua zako zote za daktari. Imogene atakuja. Tutampigia Bi Oyler tumuulize kama unaweza kuomba upya."

Arvella alimsikia akipumua, pumzi fupi, yenye filimbi ndani.

"Na wakinipangia yule yule?"

"Basi utamkuta amekaa mbele, upande wa mkono wako wa kulia. Anakohoa kama wewe. Atakuuliza maswali, na wewe utamjibu."

"Nitafika mpaka maegesho tu, Arvella. Najijua."

"Basi nitakungoja hapo maegeshoni," Arvella alisema. "Njoo mapema. Sisimami zaidi ya dakika kumi."